Wiki ya Shule na Siku ya Wahitimu: ninavyoipanga hapa Moshi

Anza na tarehe, mwalimu mwenzangu, kabla hujaunda kamati yoyote. Hakosi mhitimu wa kukushauri muweke Desemba, eti Wachaga wote wako nyumbani. Wako nyumbani kweli, ila wanafunzi wako wameshafunga shule, na huyohuyo mshauri ana kipaimara Kibosho, harusi Machame na kikao cha ukoo Marangu, vyote ndani ya wiki moja. Mimi naweka Septemba. Masika imepita, vuli haijaanza, uwanja mkavu, na kidato cha nne wanapumua kidogo kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba.

Fedha isitoke kwa mwanafunzi, hata shilingi mia. Wahitimu ndio wabebe, na wabebe vitu: waliomaliza 1998 turubai, wa 2005 viti na spika, wa 2012 mchele na nyama. Darasa likijua kwamba turubai ni lao, watasukumana wenyewe kwenye kikundi chao cha WhatsApp, wewe umetulia. Ahadi ziandikwe karatasi yake na fedha iliyoingia karatasi yake. Bajeti ifuate karatasi ya pili. Ahadi ya mtu aliyeko harusini haipiki pilau.

Jumatatu hadi Ijumaa ni ya wanafunzi. Jumatatu mchakamchaka wa asubuhi, walimu wakiwemo, na usimruhusu yeyote kusingizia goti. Jumanne mdahalo, chagua mada inayochokoza, kama simu ziruhusiwe shuleni. Alhamisi usafi na kupaka mawe chokaa, Ijumaa kuvuta kamba na mbio za magunia kati ya madarasa.

Jumatano ya mavazi ndiyo ya kuangaliwa sana. Sharti ni moja: kila mtu avae kilichoko nyumbani. Khanga ya mama, shuka la babu, koti la baba lenye mabega mapana. Sisi ni shule ya kutwa, kwa hiyo hilo linawezekana. Ukiruhusu watu wanunue nguo, siku inageuka maonyesho ya nani kwao wana hela, na kuna watakaougua malaria ya ghafla.

Wanafunzi wetu wameona kwenye filamu shule za Marekani: wiki ya mavazi, mechi ya futiboli yao ile ya kofia ngumu, kisha mfalme na malkia wanavishwa taji. Wakaomba na wao. Nilikataa taji, maana ni kura ya nani mzuri, na yule asiyepata hata kura moja ni mtoto wangu pia. Badala yake wanampigia kura mfanyakazi wa mwaka: mpishi, mlinzi, karani, mhudumu. Kampeni zake ni kali kuliko za kaka mkuu.

Jumamosi ni ya wahitimu, na kiini chake ni paredi. Gonga ile rimu ya lori, kengele yetu ya shule, saa nne kamili. Wahitimu wapange mistari kwa mwaka wa kumaliza, wakongwe mbele, na viranja wa sasa wawakague kucha na mashati. Mzee ambaye kazini kwake hata mlinzi anasimama akimwona, leo anatolewa mstarini na msichana wa kidato cha pili kwa kutochomekea! Ila kiranja apewe ruhusa mbele ya mkuu wa shule, la sivyo ataona haya na kupitisha kila mtu. Baada ya wimbo wa taifa yasomwe majina ya waliotangulia. Hapo mshereheshaji asitie neno lake.

Michezo ije kabla ya chakula. Baada ya pilau hakuna anayekimbia. Netiboli itangulie peke yake, kwa sababu ukiiweka sambamba na mpira wa miguu haitapata mtazamaji. Mechi ya wahitimu na wanafunzi iwe dakika 20 kila kipindi, mhitimu atoke na kurudi atakavyo. Weka maji, barafu na mtu anayejua huduma ya kwanza.

Mchele nakadiria kilo moja kwa watu wanane. Wapishi wa kukodi watakuambia kumi. Hawajawahi kulisha wavulana wa kidato cha tatu. Wazee wapikie ndizi nyama. Mbege, pombe yetu ya ndizi, isiingie getini, wanung'unike wanavyotaka. Jioni wanajua pa kwenda.

Mgeni rasmi apelekewe barua mwezi mzima kabla, na risala isizidi dakika tano.

Viti vihesabiwe Jumamosi hiyohiyo, mwenye navyo akiwepo. Ijumaa inayofuata mhasibu atume mahesabu na picha za risiti kwenye vikundi vyote, vya wakongwe na vya juzi. Kilichobaki kiende kwenye jambo mlilotangaza tangu mwanzo. Sisi mara ya mwisho yalikuwa madawati.