Kupoza nyumba ya bati kabla joto la Februari halijafika

Februari ya mwaka juzi niliitwa Pasua, hapa Moshi, kwa mama mmoja aliyetaka nimfungie pangaboi. Ilikuwa saa nane mchana. Nilimwamkia, lakini kabla hajaitikia akanishika mkono hadi chumbani na kunionyesha mshumaa uliosimamishwa juu ya kabati, karibu kabisa na bati. Haukuwa umewashwa. Ulikuwa umejikunja, ncha imeinama mpaka kugusa ubao, kama ndizi mshare.

"Marahaba. Sasa mwanangu fundi, kama mshumaa umelala, mimi nitalalaje?"

Nilimwambia asinunue pangaboi kwanza. Nyumba yake haikuwa na dari, na pangaboi lingefanya kazi moja tu: kuchukua joto lililojikusanya chini ya bati na kumshushia kichwani. Fedha ya feni tuliipeleka kwenye rangi. Hapa chini naeleza tulivyofanya, na ninavyofanya kwenye nyumba nyingine tangu siku hiyo, pamoja na makosa yangu.

Kama tayari kuna mtu amezidiwa, anzia hapa

Kazi ya nyumba inasubiri, mtu hasubiri. Anayeumwa kichwa, anayetoka jasho jingi, kizunguzungu na misuli kukaza, mweke kivulini, mlegeze nguo, mpe maji kidogo kidogo. Ukiwa huna dawa ya kurudisha maji mwilini ya pakiti, changanya lita 1 ya maji safi na salama, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usizidishe chumvi.

Lakini akianza kuongea ovyo, kupepesuka, kupoteza fahamu au kupata degedege huku mwili unawaka, hiyo ni dharura. Tafuta gari la hospitali, na wakati mnasubiri mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu, mwekee vitambaa vya maji baridi shingoni, kwapani na kinenani. Kama hajitambui usimnyweshe kitu. Na Panadol hapa haisaidii. Najua kwetu kila mwili wa moto huitwa malaria. Hospitali watapima, kazi yako ni maji, na ni sasa hivi.

Hatua ya 1: Jua joto linaingilia wapi

Moshi ipo chini kuliko Arusha kwa zaidi ya mita 500, ndiyo maana mtu wa Sakina akishuka huku anavua sweta kabla hajafika Boma Ng'ombe. Joto letu kali ni Januari hadi katikati ya Machi, kabla masika hayajashika. Na siku hizo jua la mchana halikupigi ubavuni, linakupiga utosini: karibu na tarehe 12 Machi saa sita na nusu linapita juu ya mji wetu moja kwa moja, nguzo haina kivuli cha maana. Kwa hiyo kinachokula jua siku nzima ni paa. Ukuta wa mashariki unapata zamu ya asubuhi, wa magharibi zamu ya alasiri, basi.

Watu wanapenda kunisimulia kuhusu barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kwamba ndiyo imeondoka na baridi yetu. Barafu kweli imekwisha kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, na mwaka 2024 ndio uliokuwa wa joto kuliko yote iliyowahi kupimwa duniani. Lakini chumba chako hakichemshwi na Kibo. Kinachemshwa na bati la geji 30 lililo juu ya kitanda.

Kipimo changu ni mkono. Saa nane mchana panda kwenye stuli, inua kiganja kuelekea bati bila kuligusa. Ukihisi kama umesimama mbele ya jiko la mkaa, umepata jibu. Kisha elekeza kiganja ukuta wa magharibi. Palipo pakali zaidi ndipo pa kuanzia. Mshumaa nao si kipimo kibaya: uweke juu ya kabati kabla ya kazi, uweke mwingine baada ya kazi.

Hatua ya 2: Paka bati rangi nyeupe

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko hatua zote, na ndipo watu wanapoharibu.

Bati jeupe lililo safi hurudisha juu sehemu kubwa ya mwanga wa jua. Bati la kahawia au jekundu la damu ya mzee, ambalo kila anayejenga siku hizi analitaka, linameza sehemu kubwa. Bati la kung'aa lisilopakwa chochote linakudanganya: linarudisha mwanga, lakini joto likishaingia ni bahili wa kulitoa. Likipata kutu, hata huo mwanga halirudishi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa nyumba ya Njoro. Bati lilikuwa jipya, linang'aa, nikalipaka rangi siku tatu baada ya kuezeka. Desemba tukaona rangi inabanduka kwa vipande kama ngozi ya nyoka. Mwenye nyumba aliniita kwa jina langu kamili, jambo ambalo si dalili njema. Nilirudia kazi kwa gharama zangu. Zinki mpya haishiki rangi ya kawaida. Ama uiache inyeshewe na kupigwa jua miezi sita hadi mwaka, ama uipanguse kwa siki, uisuuze, kisha upake praima (rangi ya kwanza ya kushikia) ya bati la zinki. Bati kuukuu ni rahisi zaidi: brashi ya waya penye kutu, praima ya kutu hapo hapo, osha vumbi lote kwa sabuni, liache likauke.

Kuna wanaopaka chokaa na chumvi. Ni rahisi kwa bei na kwa wiki chache inapoza kweli. Mimi naikataa kwenye bati: chumvi inakaribisha kutu, na mvua mbili za masika zinaishusha yote kwenye bustani. Chokaa ibaki ukutani, huko ni bora sana. Kwenye bati tumia rangi ya maji ya nje, nyeupe kabisa. Si krimu wala maziwa.

Hesabu: nyumba ya mita 6 kwa 8, ukiongeza mteremko na machomozo ya paa, ina kama mita za mraba 60 za bati. Lita moja kwa mkono wa kwetu, na yale mawimbi ya bati, inafunika kama mita 8. Koti mbili ni lita 15. Ndoo moja ya lita 20 inakutosha na inayobaki utarudishia mikwaruzo.

Muda ni Septemba, kabla ya vuli. Siku ya kazi panda umande ukishakauka, teremka saa tatu na nusu. Bati likishapata moto rangi inakauka kabla haijashika. Utasikia lenyewe linaanza kulia tak, tak, linatanuka. Hiyo ndiyo kengele ya kushuka. Kanyaga kwenye mstari wa misumari, kwa sababu chini yake kuna papi, zile mbao zinazoshika bati, na vaa raba yenye soli laini. Ngazi ifungwe kamba juu. Waya wa umeme ukipita karibu na paa, usipande mpaka fundi umeme amefika.

Kama unakinga maji ya mvua, muulize muuzaji kama rangi hiyo inafaa kwa paa la kukingia maji ya kunywa, toa bomba kwenye simtanki kabla ya kuanza, na mvua mbili za kwanza ziache zipite. Na kama paa lako ni la asbesto, yale mabamba mazito ya kijivu ya nyumba za zamani, usilikwangue hata kidogo. Vumbi lake linaua mapafu.

Hatua ya 3: Toboa juu, hewa ya moto itoke

Hewa ya moto inapanda hadi chini ya kofia, lile bati la kilele cha paa, na kukaa hapo kama mgeni asiyeaga. Kwenye zile kuta mbili za pembetatu, juu kabisa, toa bloku mbili kila upande. Weka wavu mgumu wa chuma, maana popo wa Moshi hawahitaji mwaliko. Kisha acha nafasi chini ya machomozo ya paa ili hewa ya nje iingie kuchukua nafasi ya ile iliyotoka. Tundu la juu peke yake halivuti kitu.

Kama una paa la mgongo wa pande nne, huna ukuta wa pembetatu. Mwambie fundi akuinulie kofia kidogo, na ahakikishe mvua ya upepo haiingii.

Hatua ya 4: Dari, hata ya kuunga

Jipsamu ni nzuri, ubao wa dari ni mzuri. Ukiwa na ile karatasi ya kung'aa ya chini ya bati, acha nafasi ya hewa upande unaong'aa, usiibane kwenye bati, ikigusana na bati inapitisha joto kama sufuria. Asiye na uwezo huo ashone viroba safi pamoja na kuvivuta chini ya kenchi. Vinakata joto lile la jiko la mkaa linalokupiga usoni. Viwe mbali na taa, nyaya na sehemu ya kupikia, vinashika moto upesi.

Hatua ya 5: Madirisha yafuate ratiba

Nyumba yenye dari na paa jeupe: funga madirisha na mapazia saa tatu asubuhi, fungua jioni pale ambapo nje kumekuwa na baridi kuliko ndani. Simama mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, utajua. Nyumba ya bati tupu usiifunge mchana, utajipika. Iache wazi, ukae nje chini ya mwembe.

Usiku fungua zaidi upande wa kaskazini, upande wa mlima. Hewa iliyopoa huko Kibosho na Old Moshi inateremka polepole usiku kucha, na ni ya bure. Fungua na dirisha la kusini ili ipate pa kutokea. Wavu wa mbu na grili viwepo, najua mtaa wetu.

Neno moja kuhusu madirisha ya aluminiamu ya kuteleza: yanafunguka nusu tu. Umelipia dirisha la futi tano, unapata hewa ya futi mbili na nusu. Luva za bibi zilikuwa zinafunguka zote. Ukijenga, chagua ya kusukuma nje.

Hatua ya 6: Kivuli cha magharibi

Ukuta wa magharibi upandie pesheni kwenye waya ulio hatua moja kutoka ukutani. Ndani ya mwaka una pazia la majani na juisi. Mwembe au mwarobaini upande mbali kidogo, mizizi isisumbue msingi. Na ua wote usiumalizie kwa pevingi. Najua zinapendeza kwenye picha, lakini zinakunywa jua mchana na kukurudishia saa tatu usiku. Acha nyasi karibu na dirisha la kulala.

Hatua ya 7: Usiku na maji

Mabadiliko ya jikoni ni madogo: makande yalowekwe usiku, yachemshwe alfajiri, nje. Jiko la mkaa lisilale ndani kamwe, joto ndilo dogo kati ya madhara yake.

Feni sasa ina maana. Iweke kwenye dirisha la kaskazini usiku ivute hewa ya nje. Mchana, hewa ya chumba ikizidi nyuzi 40, feni peke yake inakupulizia moto tu. Lowesha ngozi kwanza. Shuka lililoloweshwa na kukamuliwa, likitundikwa dirishani, linafanya kazi kwetu kwa kuwa Februari hewa ni kavu. Ndugu zangu wa Dar, kwenu jasho lenyewe halikauki, msinilaumu.

Wazee wakumbushe maji, kiu yao inachelewa. Bibi yangu alikuwa anakataa maji, anakubali uji mwepesi. Basi tulimpa uji mwepesi. Anayetumia dawa za presha za kupunguza maji mwilini amuulize daktari wake kabla ya kipindi cha joto, asiache mwenyewe. Vijana wa bodaboda na wanaolima mpunga Mabogini, kazi nzito ianze alfajiri, saa sita hadi saa tisa mkae kivulini.

Hatua ya 8: Rudi juu kila mwaka

Vumbi la tambarare linageuza paa jeupe kuwa la maziwa, kisha la chai. Kila Desemba, vuli ikishapungua, osha kwa ufagio laini na maji, hata kama rangi bado ni nzima. Koti mpya ni pale unapoona bati linachungulia.

Yule mama wa Pasua anaosha mwenyewe, au tuseme anamsimamia mjukuu wake anayeosha, akiwa amekaa chini kwenye kigoda na kunyoosha kidole palipobaki. Februari iliyofuata nilipita kumsalimia saa nane mchana. Chumba hakikuwa cha baridi, nisikudanganye, shati bado lilishika mgongo. Mshumaa ulikuwa juu ya kabati, umeinama kidogo sana upande mmoja. Akaniambia huo ni ule ule wa zamani, aliunyoosha kwa mikono akaurudisha. Pangaboi bado hajanunua.