Somo: Mahekalu ya mji wa kale wa Chiang Mai kwa miguu, bila kukodi mwongozaji

Wakuu, nilisoma Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, kwa miaka miwili, na kila mgeni kutoka nyumbani aliyenifikia nilimpitisha njia hii. Wengine wana siku moja tu na wanataka kuona mahekalu kumi. Nawasihi msifanye hivyo. Ndani ya mji wa kale mahekalu yamejaa kama misikiti ya Mji Mkongwe, na ukiyahesabu badala ya kuyatazama, jioni hutakumbuka hata moja. Hapa nawapa manne, kwa mpangilio wa njia ya miguu. Mengi ya mabasi ya watalii huanzia kwenye hekalu kubwa kwa sababu ndilo lililo kwenye picha. Sisi tutaanzia mji ulikoanzia.

Kabla hujatoka

Mji wa kale ni mraba, kila upande ni kama kilomita moja na nusu, umezungukwa na handaki la maji na mabaki ya ukuta wa matofali. Hupotei: ukiona maji, umefika ukingoni. Funika mabega na magoti, mwanamume kwa mwanamke. Vaa viatu vya kuvua upesi, maana utavivua kila mlango wa jumba la ibada. Ndala zinatosha. Beba soksi pia. Mara ya kwanza nilikwenda saa 7 mchana mwezi wa Aprili, nikavua viatu, nikakanyaga vigae vilivyopigwa jua tangu asubuhi. Nyayo ziliniuma siku mbili.

Weka noti ndogo za baht mfukoni. Mahekalu mengine ni bure, mengine yana kiingilio kwa wageni, lakini hakifiki baht 100 kwa hekalu.

Hatua ya 1: Lango la Tha Phae, saa 12 na nusu asubuhi

Hili ni lango la mashariki. Matofali unayoyaona yalijengwa upya miaka ya 1980, kwa hiyo usikae sana. Kilicho cha kutazama saa hizi ni watawa. Wanapita peku, kimya, na majoho yao ya rangi ya binzari, kila mmoja na bakuli. Watu wanawasubiri nje ya nyumba zao, wanavua viatu, wanaweka wali na mchuzi ndani ya bakuli, kisha wanapiga magoti kupokea dua. Simama pembeni. Usiwazibie njia kwa ajili ya picha.

Halafu fuata barabara ya Ratchadamnoen kuelekea magharibi, kwenye makutano ya Ratchaphakhinai pinda kulia, tembea kama dakika kumi.

Hatua ya 2: Wat Chiang Man ("wat" ni hekalu), mahali mji ulipoanzia

Mfalme Mangrai aliuanzisha mji huu mwaka 1296 uwe makao makuu ya ufalme wa Lanna, na inasimuliwa kwamba alikaa hapa wakati ukijengwa. Kuna jiwe la maandishi la mwaka 1581 linalotaja hata siku yenyewe: 12 Aprili 1296.

Zunguka nyuma ya jumba la ibada. Utakuta chedi, yaani mnara wa kuhifadhi masalio, na chini yake ndovu 15 wametokeza nusu mwili, kana kwamba wanatoka ndani ya ukuta wakiwa wameubeba mnara mzima mgongoni. Sogea karibu na yule wa pembeni. Tazama miguu ya mbele ilivyokazwa. Saa hizi jua linaingia kwa chini, dhahabu ya juu inawaka na ndovu wangali kivulini. Ndiyo sababu nimewaamsha mapema.

Katika jumba dogo la pembeni, nyuma ya nondo, kuna sanamu mbili za Budha zinazoheshimiwa sana: moja ya jiwe, nyingine ya fuwele nyeupe, ndogo ya kuenea kiganjani. Wenyeji huziendea kuomba mvua. Usizitafute kwa macho ya haraka, zimekaa ndani kabisa.

Hatua ya 3: Wafalme watatu

Toka, shika Phra Pokklao, teremka kusini. Uwanjani utaona sanamu ya wafalme watatu: Mangrai, Ramkhamhaeng wa Sukhothai na Ngam Muang wa Phayao, waliokuwa marafiki na wakashauriana mji ukae wapi. Wenyeji huwawekea maua. Dakika tano zinatosha, endelea.

Hatua ya 4: Wat Phan Tao na Wat Chedi Luang

Haya yamepakana, na mimi huanza na lile dogo. Wat Phan Tao lina jumba la mbao za mtiki tupu, jeusi kwa umri. Katikati ya karne ya 19 lilikuwa ukumbi wa mtawala wa Chiang Mai, baadaye likakabidhiwa hekalu. Simama mlangoni, inua macho. Juu kuna tausi wa kuchongwa, na chini ya miguu yake amelala mbwa. Kwao kila mwaka una mnyama wake, na mbwa ni alama ya mwaka aliozaliwa mtawala yule. Ndani kuna ubaridi, harufu ya mbao kuukuu na udi, na nguzo nene za mtiki zilizopanda hadi paani. Nimekaa humo saa nzima bila kujua.

Ukitoka ingia jirani, Wat Chedi Luang, na hapa usiwe na haraka hata kidogo. Ujenzi wa mnara huu ulianza mwishoni mwa karne ya 14, mfalme Saen Muang Ma akitaka kuhifadhi majivu ya baba yake. Ulikamilika katikati ya karne ya 15 chini ya Tilokaraj, ukiwa na urefu wa mita zipatazo 80. Mwaka 1545 tetemeko la ardhi likauangusha upande wa juu. Uliobaki ni kama mita 60, na bado unakufanya ushike kofia ukiutazama.

Tangu 1468 sanamu mashuhuri ya Budha wa Zumaridi ilikaa katika shubaka la mashariki la mnara huu, kabla haijapelekwa Luang Prabang, Laos, na hatimaye Bangkok, inakoheshimiwa hadi leo. Shubakani sasa kuna nakala. Zunguka upande wa kusini utazame ndovu. Wengi wana masikio na mikonga mizuri: hao ni wa saruji, wa ukarabati. Yule wa mwisho kulia, asiye na masikio wala mkonga, matofali yamemtoka kama mbavu, ndiye wa asili. Huyo ndiye wa kukaa naye.

Hatua ya 5: Wat Phra Singh

Rudi Ratchadamnoen, pinda kushoto, nenda moja kwa moja mpaka barabara iishe. Hekalu liko mbele yako. Lilianzishwa mwaka 1345 na mfalme Phayu kwa ajili ya majivu ya baba yake. Lipite jumba kubwa la mbele, tafuta dogo la nyuma, Viharn Lai Kham. Ukutani, nyuma ya sanamu, kuna nakshi za dhahabu juu ya rangi nyekundu. Kuta za pembeni zina michoro ya hadithi za kale, lakini mchoraji aliwavalisha wahusika nguo za watu wa mtaani kwake wa karne ya 19: wanawake wenye sketi za mistari, wanaume waliochanjwa chale za wino kuanzia kiunoni hadi magotini, watu wanaopiga soga barazani. Mpaka hapa itakuwa imekaribia saa 5 au 6. Jua limeshakuwa kali, nenda ukale.

Maswali ya wanachama

Asalaam alaykum ndugu, niko Mombasa. Sisi Waislamu tunaingiaje humo, na chakula je?
Waalaykum salaam. Hakuna atakayekulazimisha kusujudu wala kuwasha udi. Kuvua viatu na kutulia ndiyo heshima inayotakiwa. Kama moyo unasita kuingia ndani, baki uani: ndovu na minara yote iko nje. Suala la dini lenyewe muulize shekhe wako, si mimi. Chakula kipo. Nje ya handaki upande wa mashariki, karibu na soko la usiku, kuna msikiti wa Ban Haw wa Waislamu wenye asili ya Yunnan, China, na mtaa wake una migahawa ya halali. Agiza khao soi: tambi za mayai kwenye mchuzi wa bizari na tui la nazi, juu wamemwagia tambi za kukaanga. Ijumaa asubuhi kuna gulio jirani na msikiti.

Dada yenu hapa. Dera linafaa? Na nimesikia kuna sehemu wanawake hatuingii.
Dada, dera ni vazi bora kabisa, beba na mtandio wa mabega. Ni kweli, Wat Chedi Luang kuna kijumba cha nguzo ya mji, Inthakhin, na kibao mlangoni kinasema wanawake wasiingie. Kingine: mwanamke hamgusi mtawa wala hampi kitu mkononi. Kiweke chini au mezani, atakichukua. Lakini kuzungumza nao hakuna tatizo. Uani pale huwa na meza ambapo watawa wanafunzi wanaongea na wageni bure, wakijizoeza Kiingereza.

Nakuja na mama, magoti yanamsumbua. Atamudu?
Mpeleke Phan Tao na Chedi Luang tu. Zimepakana, ardhi ni tambarare, na kuna vivuli. Kufika, panda bajaji mkishapatana bei, au zile pikapu nyekundu zenye mabenchi ya kutazamana; wazee wa Dar wangeziita chai maharage. Kingine kitakachomfurahisha mama: saa 2 usiku Wathai husema "song thum", na "song" ni mbili. Kuanzia saa 1 hadi saa 5 usiku wanahesabu saa kama sisi.

Mkuu, mwezi gani mzuri?
Novemba hadi Januari. Kuanzia Februari hadi Aprili mashamba na misitu huchomwa, moshi unaziba hata mlima. Tarehe 13 hadi 15 Aprili ni Songkran, mwaka mpya wao, utamwagiwa maji kila kona, kwa hiyo simu itie kwenye mfuko wa nailoni. Jumapili jioni Ratchadamnoen yote huwa soko.

Mimi huja Bangkok kwa biashara ya mawe ya vito. Nina siku mbili tu, nafikaje? Na nataka sanamu ya Budha ya dukani.
Ndege ni kama saa moja. Treni ya usiku ni zaidi ya saa kumi, lakini unalala humo na kushuka asubuhi. Kuhusu sanamu: kuitoa nchini kunahitaji kibali cha Idara ya Sanaa, kwa hiyo muulize muuzaji karatasi kabla hujatoa hela. Asipokuwa nazo, chukua ndovu wa mbao.