Kabla hujachimba mashimo ya nguzo za fensi kwenye ardhi inayoganda

Mtu akiona nguzo yake imepanda baada ya majira ya baridi cha kwanza anasema zege lilikuwa kidogo, anaongeza simenti, mwaka unaofuata imepanda tena na safari hii imeng'oka na zege lake kama uyoga. Mimi mwenyewe nilipita hapo. Shida sio uzito jamani, shida ni ubavuni. Ardhi ikiganda inafyonza maji ya chini, yanajikusanya kuwa vitabaka vya barafu, vinanenepa na kuinua udongo wote wa juu, na huo udongo ulioganda umeshaing'ang'ania nguzo kwahiyo unapanda nayo. Barafu ikiyeyuka, udongo umeshaporomokea kwenye uwazi uliobaki chini ya nguzo, haina tena pa kurudi. Sentimita mbili mwaka huu, mbili mwakani, mwishowe geti halifungi.

Kwahiyo kabla ya kununua chochote ulizia baridi inagandisha ardhi ya kwenu mpaka kina gani, wanaotoa vibali vya ujenzi huwa wanacho hicho kipimo. Ukiambiwa sm 90 shimo liende kama 105, na hesabu ya mbao ifanye hapohapo: fensi ya sm 180 juu na 105 chini ni nguzo ya karibu mita 3. Wengi wananunua za mita 2.4 afu wanachimba kulingana na kilichobaki, yaani sm 60, hapo umeipanda katikati ya barafu kabisa. Na pale theluji inapofagiliwa, mfano kando ya njia ya gari, baridi inashuka zaidi maana theluji ni blanketi, na ndo hapohapo geti linakaa, so nguzo za geti zizidishie kina.

Halafu ujue udongo wako. Chukua kidogo cha kutoka chini, lowesha, sugua kwa vidole. Ukikwaruza ni mchanga, huo hausumbui sana. Ukinata na kuvingirika kama kamba ni mfinyanzi, unasumbua. Ukiwa laini kama unga na haunati, huo ndo mbaya kuliko wote, unafyonza maji kama utambi wa taa.

Kokoto za kujazia kuzunguka nguzo badala ya zege watu wanazisifia na ni kweli hazishiki maji, ila kwenye mfinyanzi shimo la kokoto linageuka ndoo. Jaribu kabla: chimba shimo moja, mwagia maji, kaangalie kesho yake. Kama bado yamesimama, fikiria njia ya kuyatoa au weka zege.

Ukiamua zege, umbo ndo kila kitu. Shimo liwe kama chupa, chini pana juu jembamba, kuta zimenyooka. Koleo la kawaida linachonga kinyume, mdomo unapanuka kama faneli, ukijaza zege hapo umeipa barafu mshikio. Ukishindwa kunyoosha, tumia bomba la karatasi ngumu la kumwagia zege, nje likiwa laini barafu inateleza. Juu zege liishie na mteremko maji yakimbie nguzo.

Nyaya na mabomba ya chini ya ardhi, wapigie wahusika waje waweke alama kwanza, hili halina mjadala.

Muda nao. Chimba kiangazi kinapoisha, maji yako chini na ardhi haijaganda. Zege bichi likishikwa na barafu kabla halijakomaa linakuwa la kubomoka, kwahiyo joto likishuka chini ya nyuzi 5 ama ulifunike vizuri siku kadhaa ama usubiri. Mashimo yakishachelewa, ya kwangu nilifunika kwa mbao mpaka msimu uliofuata, nguzo zikalala gereji.