Jinsi ya kuijua Rhode Island kabla hujaaplai chuo, hatua kwa hatua

Kila msimu wa kuaplai madogo wananiletea listi za vyuo na zote zinafanana: New York, California, Texas, afu mwishoni kabisa Brown kwa sababu kasikia ni Ivy League, lile kundi la vyuo vya zamani vyenye jina kubwa. Ukimuuliza Brown iko wapi anakwambia "Marekani". Mi kazi yangu hapa Dar ni kukaa na hawa madogo wakijaza fomu, na utaratibu wangu ni jimbo kwanza, chuo baadae, maana darasani utakaa masaa machache ila baridi, basi na kodi ya chumba ni vya jimbo. Uzuri wa jimbo dogo unalimaliza wikiendi moja ukiwa na bando tu. Tuchukue Rhode Island, ndo dogo kuliko yote 50.

Hatua ya 1: fungua ramani, usifungue websaiti ya chuo bado

Kaskazini hadi kusini ni kama kilomita 77, mashariki hadi magharibi kama 60, na katikati bahari imeingia ndani, wanaiita Narragansett Bay. Nchi kavu yake inakaribia Unguja na Pemba ukiziunganisha. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 1,097,379. Jina lisikuchanganye, sehemu kubwa ya jimbo sio kisiwa, ila Newport ndo iko kisiwani kweli. Weka pini tatu: Providence, Kingston, Newport. Afu weka ya nne Boston, ambayo iko jimbo lingine kabisa, Massachusetts, lakini treni ya MBTA kutoka Providence inakufikisha kwa saa moja na kidogo. Hapo ndo wengi wanapopigwa chenga, wanaona kijimbo kidogo wanadhani watajifungia, kumbe Boston nzima iko mlangoni.

Hatua ya 2: panga vyuo kwa aina

Providence peke yake ina Brown (1764), ina RISD (Rhode Island School of Design) ya sanaa na ubunifu (1877) ambayo imepakana na Brown kiasi kwamba kuna programu ya kuomba digrii ya vyuo vyote viwili, ina Johnson & Wales inayojulikana kwa upishi na hoteli, ina Providence College ya Wadominika (watawa wa Kikatoliki), na Rhode Island College ya serikali. Kingston kuna URI (University of Rhode Island), chuo kikuu cha jimbo, ukipenda mambo ya bahari au famasia hapo pasome vizuri. Bryant iko Smithfield, biashara sana. Salve Regina iko Newport. Nimeandika harakaharaka makusudi kwa sababu hii sehemu kila mtu anaiweza, kazi iko hatua inayofuata.

Hatua ya 3: hela

Chuo cha serikali kina bei mbili, ya mkazi wa jimbo na ya mtu wa nje, na wewe wa viza ya F-1 (ya mwanafunzi) hesabu ya nje, usijidanganye na ile namba ndogo. Utakutana pia na Rhode Island Promise, mpango wa kusoma CCRI (chuo cha jamii cha jimbo) bila ada, dogo anakuja kwangu mbio kaka nimepata chuo cha bure! Hapana, ile ni ya wakazi.

Sasa fanya hivi. Tafuta jina la chuo pamoja na maneno Common Data Set, itakuja PDF au faili la Excel, ni mafomu yanayochosha lakini ndo mkweli kuliko brosha. Shuka mpaka sehemu ya H6. Pale chuo kinatiki kama kinatoa msaada kwa wanafunzi wa kigeni au hakitoi, na kama kinatoa kinaandika waliopewa ni wangapi na wastani wa dola kwa kila mmoja. Afu rudi juu B2 uone wanafunzi wa kigeni jumla ni wangapi. Ukikuta mamia wako pale na waliopewa wanahesabika kwa vidole, umeshapata jibu lako kabla hujalipa hela ya aplikesheni.

Brown ni habari nyingine: kuanzia walioingia 2025 hawaangalii uwezo wako wa kulipa wakati wa kuamua, hata kama ni mgeni, na ukichukuliwa wanafidia pengo lote kati ya gharama na uwezo wa familia yako. Ila kuingia ni kwa mbinde, wanaoomba wengi mno, kwa hiyo iweke kwenye listi na usiifanye ndo listi. Na msaada unaombwa mapema pamoja na aplikesheni kupitia CSS Profile (fomu ya mtandaoni ya kueleza hali ya kifedha ya familia), usisubiri majibu kwanza.

Hatua ya 4: tembea kwa Street View (picha za mitaa ndani ya Google Maps)

Jiweke Kennedy Plaza, ndo stendi kuu ya mabasi ya RIPTA pale Providence, vuka mto uanze kupanda College Hill. Angalia ule mwinuko, afu ufikirie una begi na chini kuna barafu. Hamia Kingston: majengo ya chuo yakiisha ni miti na mashamba. Usafiri ni basi namba 66 kwenda Providence, na unapoangalia ratiba fungua ya Jumapili, ya Jumatatu itakupa moyo wa bure. Udogo nao una shida zake, Desemba 2023 upande mmoja wa daraja la Washington pale Providence ulifungwa ghafla na foleni ikawa gumzo la jimbo zima.

Hatua ya 5: saa na baridi

Wakati wa baridi Dar iko mbele kwa masaa 8, wakati wa joto 7. Wakikutangazia kikao cha Zoom 7 p.m. (saa moja jioni ya kwao) mwezi Januari, kwako ni saa tisa usiku, weka alamu au omba rekodi. Baridi yenyewe Januari usiku ni chini ya sifuri, bajeti ya koti na viatu iwe pembeni na ada.

Hatua ya 6: soma magazeti ya wanafunzi

Brown wana The Brown Daily Herald, URI wana The Good 5 Cent Cigar (ndio, ndo jina lake). Acha habari za sherehe, tafuta zinazolalamikia kodi za nyumba, mabasi na chakula.

Hatua ya 7: tafuta watu

Providence ina Wakepuverde wa miaka mingi na Waliberia wengi tu, kwa hiyo vyakula vya kwetukwetu na saluni za kusuka hutakosa. Ukimpata mwanafunzi wa Kiafrika pale, msalimie vizuri, jitambulishe, na usimuulize "chuo kizuri?" kwa sababu atakujibu ndio. Muulize bima ya afya alilipa lini na kiasi gani, kazi ya chuoni aliipata baada ya muda gani, na likizo ya Desemba hosteli zikifungwa alilala wapi.