Msimu wa Kwanza Kwenye Timu ya Makasia ya Sekondari: Mwongozo kwa Mwanagenzi

Kati ya michezo inayochezwa katika shule za sekondari za Marekani, kupiga makasia ni mmoja wa michache ambayo karibu kila mtu huianza akiwa hajui chochote. Kijana anayefika darasa la tisa bila kuwahi kucheza mpira wa kikapu huwa amekwisha kuchelewa, kwa sababu wenzake wameucheza tangu utotoni. Lakini kwenye banda la boti, wengi wanaojiandikisha mwezi Septemba wana miaka 14, hawajawahi kushika kasia, na wengine hawajawahi hata kupanda boti. Ndiyo maana timu nyingi huwa na kundi la wanagenzi lenye kocha wake, linaloshindana na wanagenzi wa shule nyingine na si na waliobobea.

Kwa familia zinazozungumza Kiswahili zilizohamia Philadelphia, Boston au Chicago, nafasi hiyo ipo, ila wengi huipita wakidhani mchezo huu ni wa watoto wa matajiri tu. Dhana hiyo ina chembe ya ukweli, kwani boti ni ghali na klabu nyingi hutoza ada. Hata hivyo, mwishoni mwa miaka ya 1990 shule ya Manley, iliyoko upande wa magharibi wa Chicago, iliunda timu ya vijana weusi pekee, na nahodha wake, Arshay Cooper, hadi leo anahimiza vijana wa mitaa kama ile waingie majini. Philadelphia kuna Philadelphia City Rowing, ambayo tangu 2009 huwafundisha bure wanafunzi wa shule za umma za mji huo. Kabla hujakata tamaa kwa sababu ya ada, muulize kocha waziwazi kama kuna msaada. Swali hilo huulizwa kila mwaka na halimshangazi mtu.

Jambo la kwanza ni kuogelea. Timu nyingi humtaka mwanafunzi athibitishe kwamba anaweza kuogelea, kuelea kwa dakika kadhaa bila kushika kitu, na kuvaa jaketi la kujiokoa akiwa ndani ya maji. Kama hujui kuogelea, usifiche wala usitegemee kwamba siku hiyo mambo yatajipa. Jifunze kwanza kwenye bwawa la manispaa au la shule, hata ikibidi kuanza makasia msimu unaofuata. Boti ya mashindano haipinduki mara kwa mara, lakini mito ya kaskazini mwezi Machi ina baridi inayokaza misuli ndani ya dakika chache, na sheria kuu itakayofundishwa ni kwamba boti ikipinduka, hakuna anayeiacha ili kuogelea hadi ukingoni. Boti huelea hata ikijaa maji, na mwenye kuishikilia huonekana upesi na mashua ya kocha.

Mavazi yabane mwili. Kiti cha boti kina magurudumu yanayokimbia juu ya reli mbili, na shati pana linaweza kunaswa nyuma ya kiti au kuzongwa na mpini wa kasia. Msichana anayevaa hijabu atumie ile ya michezo inayobana, na ncha zake azichomeke ndani ya fulana ya mikono mirefu. Tukiwa hapo hapo, miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, wakati mazoezi ya majira ya kuchipua yanapoanza kupamba moto; mwambie kocha mapema kwamba utakuwa umefunga, ili akupangie zoezi jepesi au saa nyingine, badala ya kumwacha agundue mwenyewe unapoanza kuona kizunguzungu.

Sasa tuitazame boti yenyewe. Ile ya watu wanane ina urefu wa mita 17 au zaidi, lakini upana wake majini ni kama sentimita 60 tu, na kwa kanuni za kimataifa haipaswi kupungua kilo 96. Vileti vinavyoshika makasia havikai kwenye kingo za boti. Vimebebwa na vyuma vilivyochomoza nje, ili kasia refu lipate nguvu. Kwenye omo, yaani ncha ya mbele ya boti, kuna mpira mdogo mweupe wa kupunguza madhara iwapo boti itamgonga mtu. Viatu vimefungwa moja kwa moja kwenye kibao cha miguu, na kila kisigino kina kamba fupi inayokizuia kiatu kuinuka sana, ili boti ikipinduka mguu uchomoke wenyewe. Kagua kamba hizo kila siku kabla ya kuondoka gatini, kwa sababu usalama wako mwenyewe umefungwa hapo.

Aliyezoea mtumbwi wa Lamu au wa Ziwa Tanganyika atahitaji kusahau mambo mawili. Mwenye kafi hutazama mbele na kuvuta kwa mabega. Mpiga makasia wa mashindano hukaa akitazama tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti, haoni anakokwenda, na nguvu yake kubwa hutoka miguuni. Viti huhesabiwa kuanzia omo: namba moja yuko nyuma ya migongo yote, na namba nane, anayeketi karibu na tezi, ndiye anayeweka mwendo unaofuatwa na wote. Katika mtindo ambao shule nyingi huanza nao, kila mtu ana kasia moja la urefu wa karibu mita 3.7, ama kulia ama kushoto. Katika mtindo mwingine kila mtu hushika makasia mawili mafupi zaidi. Jambo moja huwachanganya wengi: kwa kuwa unakaa kinyumenyume, kasia la upande wa kushoto wa boti liko mkono wako wa kulia.

Wiki za kwanza hazipitii majini sana bali kwenye mashine ya kupigia makasia, ambayo katika mabanda mengi ya Marekani ni ya kampuni ya Concept2. Ubavuni mwa feni yake kuna kishikio chenye namba 1 hadi 10, na vijana wa kiume hasa hukimbilia kukiweka kwenye 10 wakidhani ndiyo kupima uanaume. Namba hiyo haipimi nguvu. Hufanya tu kila pigo liwe zito, na matokeo yake ni mgongo kuuma. Kiweke kati ya 3 na 5. Skrini itaonyesha muda ambao ungetumia kumaliza mita 500 kwa mwendo ulio nao, na namba hiyo ndiyo kocha huitazama, hasa siku ya jaribio la mita 2000, ambalo wapiga makasia wa dunia nzima hulijua na kuliogopa. Mwanagenzi asianze jaribio hilo kwa kasi ya kujionyesha. Mita 500 za kwanza zipigwe kwa utulivu, maana anayezimaliza hoi hulipa deni hilo katika mita 1000 zinazofuata.

Kiini cha kazi ni pigo lenyewe, na hapa ndipo panapostahili subira kuliko kwingine kote. Pigo lina sehemu nne: kudaka maji, kusukuma, kutoa kasia na kurudi. Wakati wa kudaka, magoti yamekunjwa, miundi ya miguu imesimama wima, kiwiliwili kimeinama mbele kutoka nyongani, mikono imenyooka, na bapa la kasia linazama majini likiwa limesimama. Kusukuma huanza na miguu peke yake. Mikono inabaki imenyooka na mgongo unabaki umeinama vilevile. Miguu inapokaribia kunyooka, ndipo kiwiliwili kinafunguka kuelekea nyuma kidogo, na mwisho kabisa mikono inavuta mpini hadi chini ya kifua. Hapo mpini unasukumwa chini kidogo ili bapa litoke majini, kisha bapa linalazwa lisishike upepo. Kurudi ni mpangilio huohuo uliogeuzwa: mikono inanyooka kwanza, kiwiliwili kinafuata, magoti yanakunjwa mwisho.

Imeandikwa hapa kwa sentensi chache, lakini mwili huchukua miezi kuikubali. Kosa la kwanza ni kukunja viwiko mapema, kwa kuwa mikono ndiyo tuliyozoea kuitegemea tunapovuta kitu. La pili ni matako kukimbia nyuma huku mpini umebaki palepale, ambapo miguu imekwisha nguvu bila boti kusogea. La tatu, lililo baya kuliko yote kwenye boti ya watu wanane, ni kuharakisha kurudi. Mtu akirudi mbio, uzito wake hukimbilia tezini na kuivuta boti dhidi ya mwendo wake. Tena huwahi kufika, hudaka maji kabla ya wenzake, na mzani wa boti nzima huharibika. Kwa mwendo wa mapigo 18 hadi 20 kwa dakika, kurudi kuchukue karibu mara mbili ya muda wa kusukuma. Kwa maoni yangu, mwanagenzi aliyejifunza kurudi polepole ana faida kwa boti kuliko mwenye misuli ambaye hajaweza kumsubiri aliye mbele yake. Tazama bega la huyo wa mbele, si bapa lako. Ukigeuza kichwa kuangalia kasia, boti inainama upande huo.

Kuhusu mikono, mkono wa nje, yaani ulio mwisho wa mpini, ndio unaovuta na kupandisha au kushusha kasia. Mkono wa ndani, ulio karibu na kileti, ndio unaozungusha mpini kulaza na kusimamisha bapa. Acha nafasi ya ngumi mbili kati yao na ushike kwa vidole bila kukaza kiganja. Malengelenge yatakuja. Yaoshe kwa maji na sabuni, yafunike, na usiyachune. Wapiga makasia wengi hawavai glavu, kwa sababu huondoa hisia ya mpini, na ngozi huwa ngumu kadiri wiki zinavyopita.

Kubeba boti kuna nidhamu yake. Amri zote hutolewa na koksi, yaani mshika usukani, ambaye kwenye boti ya watu wanane huketi tezini akitazama mbele na kusema kupitia kipaza sauti kidogo kilichofungwa kichwani. Atakapoita “hands on”, kila mtu anashika boti mahali pake na kunyamaza. Hakuna anayeinua hadi aambiwe. Amri itakayosikika kuliko zote ni “weigh enough”, yenye maana ya kuacha mara moja unachofanya, iwe ni kutembea na boti mabegani au kupiga kasia. “Hold water” inataka mabapa yasimamishwe majini ili kuizuia boti. Zikariri amri hizi kabla ya siku ya kwanza, hasa kama Kiingereza cha kupigiwa kelele bado kinakupita, na usione haya kumwomba koksi azirudie mkiwa nchi kavu. Majini hakuna wa kutafsiri.

Koksi hapaswi kuchukuliwa kama abiria. Anaongoza boti yenye urefu wa basi kupita chini ya madaraja, anahesabu mapigo na kutangaza mbio zinavyokwenda, na maneno yake yana uzito kwenye boti kama ya nahodha. Kijana mwenye umbo dogo anayependa kusema na asiyeogopa wakubwa aombe nafasi hiyo, ila asijinyime chakula kwa ajili yake.

Mara za kwanza majini mtapiga makasia wanne wanne, huku wanne wengine wamelaza mabapa yao juu ya maji ili boti isiyumbe. Ni katika siku hizo utakapokutana na kinachoitwa kaa: bapa linalazwa kabla halijatoka majini, maji yanaling’ang’ania, na mpini unakurudia kwa kasi kifuani au tumboni. Usishindane nao. Lala nyuma, uache upite juu ya kichwa, kisha mngoje koksi asimamishe boti. Kila mpiga makasia amewahi kukamatwa na kaa.

Mashindano yana misimu miwili. Majira ya vuli ni mbio ndefu za kupambana na saa, ambapo boti huondoka moja baada ya nyingine. Kubwa kuliko zote ni ya Mto Charles, Boston, inayofanyika mwezi Oktoba na iliyoanza 1965, yenye urefu wa karibu kilomita 4.8. Majira ya kuchipua ni mbio za ana kwa ana, ambazo kwa sekondari kwa kawaida ni mita 1500. Mwezi Mei shule nyingi hukutana Philadelphia, kwenye Mto Schuylkill, kugombea Kombe la Stotesbury lililoanza 1927. Wazazi wa wasichana wafahamu pia kwamba makasia ya wanawake yamekuwa na ubingwa wa NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, tangu 1997, na vyuo kadhaa hutoa ufadhili kwa ajili yake, wakati mwingine hata kwa walioanza sekondari tu.

Siku ya mashindano ni ndefu, na mbio za mita 1500 zenyewe ni dakika tano au sita. Familia huombwa kuleta chakula kwenye hema la timu. Chapati na sambusa husafiri vizuri na huisha kabla ya mkate wowote, mradi vijana wazile baada ya mbio na si kabla. Mwisho wa siku vyuma vya vileti hufunguliwa, boti hufungwa kwenye trela, na hakuna anayeondoka na wazazi wake kabla ya kazi hiyo kwisha. Nenda na spana yako mwenyewe, ya milimita 10 au ya inchi 7/16 kulingana na boti mlizo nazo, na uiandike jina, kwa sababu za kuazima huishia nyasini au mtoni.