Kupokea hundi ya kielektroniki kutoka Marekani: mwongozo kwa mawakala wa safari Mwanza

Wakala wa Mwanza anayewauzia Wamarekani ziara za Serengeti kupitia lango la Ndabaka, au za kisiwa cha Rubondo, wachakataji malipo, yaani kampuni zinazokusanya fedha za wateja kwa niaba ya muuzaji, humweka kwenye kundi la biashara zenye hatari kubwa hata kama hajawahi kumdhulumu mtu. Sababu ni muda. Mteja analipa Januari, anasafiri Julai. Wakala akishindwa kurudisha fedha za safari iliyovunjika, mzigo unamwangukia mchakataji. Maombi yako yajibu hofu hiyo.

Cheti cha BRELA, TIN na leseni unavyo tayari, lakini havitoshi. Hundi hizi, yaani fedha inayokatwa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya mteja, hupita kwenye mtandao wa benki za Marekani uitwao ACH, chini ya kanuni za Nacha, chombo kinachousimamia, na wachakataji wengi hutaka kampuni na akaunti ya benki vya hukohuko. Ukishasajili LLC (kampuni yenye dhima yenye kikomo), omba EIN, namba ya kodi ya kampuni. Hapa ndipo muda hupotea: asiye na namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani wala ITIN (namba ya kodi ya mtu binafsi) hawezi kuiomba mtandaoni. Jaza fomu SS-4 ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kipengele 7b andika "Foreign", utume kwa faksi au posta. Jina la kampuni lifanane herufi kwa herufi na lile la usajili, maana benki ikiona tofauti itakurudisha mwanzo. Tafuta pia mhasibu mapema: LLC ya mmiliki mmoja asiye mkazi wa Marekani huwasilisha IRS fomu 5472, na faini ya kutoiwasilisha ni dola 25,000.

Kwenye maombi yenyewe, ambatisha pasipoti, taarifa za benki za miezi ya karibuni na tovuti inayoonyesha wazi masharti ya kughairi na kurudisha fedha. Taja bei halisi ya safari na siku kati ya malipo na safari. Usipunguze ili uonekane mdogo. Kikomo chako kitapangwa kwa takwimu hizo, na ukikivuka fedha zitazuiwa. Kuna pia dhamana, mara nyingi asilimia 5 hadi 10 ya kila malipo, inayoshikiliwa kama miezi sita. Tarehe ya kuachiwa iandikwe kwenye mkataba.

Ukikubaliwa, kinachofunga akaunti ni hundi zinazorudi. Kila inayorudi huja na msimbo wa sababu. R01 ni salio halitoshi. Unaweza kujaribu tena mara mbili. R03, akaunti haikupatikana, hutokana zaidi na tarakimu zilizokosewa, hivyo hakiki akaunti ya mteja kabla ya kutoza mara ya kwanza. Kanuni yenyewe inataka hivyo tangu Machi 2021. Ya kuogopa ni R10, mteja anaposema hakuidhinisha. Kikomo cha Nacha kwa madai hayo ni asilimia 0.5, yaani malalamiko 1 kwa malipo 200. Mengi huzuka kwa sababu jina linalosomeka kwenye taarifa ya benki si lile alilonunulia safari, kwa hiyo omba liwe jina la biashara na umtajie kabla hajalipa. Ridhaa yake itunze miaka miwili baada ya kukoma.

Mteja binafsi ana siku 60 za kudai hakuidhinisha. Fedha iliyoonekana kwenye salio wiki ya kwanza usiipeleke yote kwenye malipo ya hoteli yasiyorudishwa. Anayesafiri ndani ya siku hizo, mwombe alipe kwa uhamisho wa benki.