Namna ya Kuandaa Albamu ya Kolabo ya Mwimbaji Mkongwe

Mwimbaji wa Mtwara au Lindi anapotimiza miaka 40 jukwaani, na familia au bendi yake ikaamua kuadhimisha kwa albamu ya kuimba wawili wawili, kazi ya kwanza si kusaka majina makubwa, bali ni kuchagua nyimbo ambazo sauti yake ya leo inazimudu. Loretta Lynn, mkongwe wa muziki wa kantri wa Marekani, alitoa albamu yake ya 50 mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 88. Baadhi ya nyimbo aliwashirikisha wanawake waliomfuata katika fani, akiwamo Tanya Tucker, lakini wimbo wake maarufu zaidi, “Coal Miner's Daughter” wa mwaka 1970, hakuuimba tena; aliusimulia kwa maneno matupu juu ya ala, na ukapendeza.

Keti na mzee na mpiga gitaa mmoja tu, asubuhi baada ya chai, wala si usiku akitoka ukumbini. Anzeni wimbo katika ki ya zamani, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo ulipigwa tangu mwanzo, kisha ishusheni nusu sauti kwa nusu sauti hadi pale anapofikia kiitikio bila kukaza shingo. Ki hiyo ndiyo itakayofuatwa na wote. Mwimbaji mgeni akilalamika kwamba iko chini mno, apewe ubeti wake auimbe oktavu ya juu (noti zilezile kwa sauti nyembamba zaidi), au aingize sauti ya pili. Mzee asipandishwe kwa ajili ya kijana. Wageni watano au sita wanatosha, kwa maoni yangu, kwani wakizidi hapo mwenye shughuli hugeuka mwalikwa.

Ikiwezekana, wawili hao warekodi katika chumba kimoja wakitazamana, ili kujibizana kwao kuwe na pumzi. Kama mgeni yuko Dar es Salaam, mzee atangulie kurekodi wimbo mzima, ndipo prodyuza autume. Studio nyingi za mitaani zimeezekwa bati, na mvua ikianza kugonga hakuna kinachorekodika. Kwa hiyo tumieni miezi ya kiangazi, Juni hadi Septemba.

Kabla ya yeyote kuingiza sauti, andikeni nani alitunga maneno, nani alitunga sauti ya wimbo, na kila mmoja atapata asilimia ngapi, kisha kazi isajiliwe COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Nyimbo za zamani zilizotungwa na bendi zinahitaji uangalifu zaidi, maana Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi kwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mtunzi mwenza wa mzee akiwa ameshafariki, warithi wake waombwe ridhaa kwa maandishi, hata kama ni majirani mnaosalimiana kila siku.

Uzinduzi usubiri minada ya korosho ianze na malipo ya wakulima yaanze kuingia, kwa kawaida kuanzia Oktoba au Novemba. Ukifanyika Machi, wenye mapenzi watakuja, ila kiingilio kitawashinda.